Mawe ya Mama Mkwe

Fundi mwashi huyu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Timazi, kwa sababu ya kile kichuma anachokining'iniza kwenye uzi kupima kama ukuta umesimama wima, na kwa sababu mtu mwenyewe hakuwa na mazungumzo mengine. Ukimkaribisha chai atakuambia mlango wako umeinama. Ukimwalika harusini atakagua nguzo za turubai kwanza, bibi harusi baadaye. Vita vilipokwisha na mji ukabaki magofu matupu, watani wake walisema katika mji mzima ni yeye peke yake aliyefurahi, maana hapakubaki ukuta wa mtu mwingine wa kumuudhi macho. Alicheka nao. Hakukana.

Kazi yake ya kwanza kubwa baada ya vita ilikuwa zahanati. Ile ya zamani ilikuwa imelipuliwa, zikabaki ngazi za mlangoni zinazopanda kwenda hewani, na tangu hapo wajawazito walibebwa kwa mikokoteni mpaka mji wa pili, wengine wakijifungulia njiani. Sasa serikali mpya ilitoa saruji, mabati na mhandisi, na wenyeji wakaambiwa watoe mawe. Utaratibu ulikuwa kwamba kila nyumba ilete rundo lake pembeni ya kiwanja, na mwenye rundo asimame hapo hapo mpaka fundi alitazame na kulikubali. Timazi aliipenda saa hiyo ya ukaguzi kuliko chakula. Alipita kati ya marundo mikono nyuma, kama mkubwa wa jeshi kwenye gwaride, akilipiga teke hili, akiligeuza lile, akimwambia mama wa watu kwamba jiwe lake lina sura ya kiazi.

Lakini kuchagua sana kuna gharama yake. Msingi ulikula mawe, ukuta ukaanza kuyaomba mengine, na marundo yakapungua. Mhandisi, dada mmoja mpole ambaye sauti yake haikupanda hata akiwa na habari mbaya, alimwita pembeni.

"Fundi, mvua zikianza na ukuta haujafika madirishani, mabati yanapelekwa mji mwingine. Si mimi niliyeamua hivyo."

"Yatapelekwaje na mimi nipo?"

"Wewe upo. Mawe hayapo."

Maneno hayo yalimchoma. Jioni ile, watu walipokuwa wakisambaa, Timazi alipanda juu ya pipa la maji akapaza sauti. "Jamani, mawe ni mawe! La kuegemezea mlango, lete. La kukalia, lete. Lililokukwaza jana, rudi kalichukue! Nani aliyesema fundi anabagua? Kuanzia leo simuulizi mtu kalitoa wapi!"

Watu wakaangua kicheko na kumpigia makofi. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuja kumkaa rohoni kama mfupa wa samaki kooni.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye ngazi zile za zahanati ya zamani, akisikiliza. Aliishi kwa Timazi na mkewe, katika chumba cha uani, tangu nyumba yake ilipoungua. Alikuwa mzee mwenye magoti yanayolia kila anapoinuka, lakini hakutaka kuwa mzigo, na neno mchango likitajwa yeye ndiye wa kwanza kuinua mkono. Hakumwambia mtu. Kesho yake aliazima toroli la jirani, akatoka nalo asubuhi, akarudi nalo limejaa, akatoka tena. Wiki nzima hiyo gurudumu la toroli lilisikika likilia barabarani. Siku ya ukaguzi alisimama mbele ya rundo ambalo Timazi hakuwahi kuona mfano wake, mawe ya ukubwa mmoja, yote yanashikika kwa mikono miwili, kama yamechaguliwa na fundi.

"Mnaona?" Timazi aliwaambia watu, kifua mbele. "Huyu ndiye aliyenizalia mke!"

Mama mkwe akainamisha uso kwa haya, lakini alicheka mpaka mabega yakatikisika.

Sasa, Timazi alikuwa na mtindo wake. Mafundi wengine huyamwagia mawe maji kidogo na kuyaweka. Yeye aliyaogesha. Alikuwa na karai na brashi ya nyuzi ngumu, akilisugua kila jiwe kabla ya kulipandisha, kwa kuwa vumbi halishikani na mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, na ukuta wenye vumbi ndani yake, alisema, unasubiri tu siku ya kuanguka. Ndivyo alivyofanya na mawe ya mama mkwe, na alikwisha kuyapanga mengi upande wa chumba cha wagonjwa, akipiga mluzi, kabla hajaona kitu. Udongo wa mji ule ni mwekundu. Maji ya karai yalikuwa mekundu tangu asubuhi, naye hakujali. Kisha jiwe moja likagoma kutakata. Alisugua, wekundu ukabaki pale pale. Akaligeuza. Upande wa pili, chini ya vumbi, kulikuwa na weupe.

Brashi ikasimama.

Katika mji ule hakuna asiyejua maana ya jiwe la namna hiyo. Vita vilipokwisha walikuja wategua mabomu. Walisafisha barabara kuu, soko na kisima, na zile sehemu ambazo hawakuwahi kuzimaliza walizizungushia mawe yaliyopakwa rangi. Mkuu wao, mwanamume mwembamba asiyejua kutabasamu, aliwakusanya watu sokoni, akashika jiwe mkononi, akasema, "Uso mweupe unatazama kwenu. Hapo tembea, cheza, lima. Uso mwekundu unatazama bomu. Jiwe hili halina utani." Kisha kikosi kikahamia miji mingine, kwa ahadi ya kurudi baada ya mvua. Rangi ilikuwa hafifu. Jua liliichuna, vumbi likaimeza, na mwaka haujaisha mawe yale yakawa mawe tu.

Alichukua jingine kwenye rundo, akasugua. Jekundu, jeupe. Jingine tena.

"Vipi, fundi, umeona nyoka?" Aliyeuliza ni saidia fundi wake, aliyekuwa akikoroga mota hatua chache kutoka pale. Walimwita Redio, kwa kuwa haikuwezekana kumzima.

"Koroga mota yako," Timazi akasema.

Akatandaza mota ukutani. Akalishika lile jiwe, akaligeuza uso mwekundu ukatazama ndani ya ukuta, akalikalisha, akaligonga kwa mpini wa mwiko mpaka likatulia. Akafanya hivyo na la pili, na la tatu. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mtu amdhanie hivyo. Alikuwa akifikiria mabati. Alimfikiria pia mama mkwe akiitwa mbele ya umati na kuulizwa kama alitaka kuua watu, na alikumbuka lile pipa alilosimama juu yake. Sababu zote hizo zilikuwa na maana. Lakini alijua vilevile kwamba mahali fulani pembeni ya mji, bomu lililokuwa na mlinzi sasa halina, na kwamba mlinzi wake amezikwa ukutani kwa mkono wake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na aliendelea kupanga.

Nyumbani alikuta mama mkwe amekaa uani, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, anajisugua magoti. Mtu hamhoji mama mkwe wake kama polisi. Timazi alianza mbali, akauliza hali ya magoti, akauliza kama chumba chake kinavuja, akasifu rundo mara ya pili.

"Mawe yale, mama, ni mazuri mno. Ulibahatika wapi?"

"Kule nyuma ya ghala la zamani, baba. Yamejipanga yenyewe, kama yananisubiri. Nikasema, haya labda yalikuwa ya ujenzi, wenyewe wakakimbia vita."

"Yalijipanga vipi? Nauliza tu, kwa kuwa nataka mengine kama hayo."

Uso wa mama mkwe ukang'aa kwa kusikia kwamba mchango wake unatakiwa zaidi. Akashika kijiti, akachora mchangani. "Yanaanzia kona ya ghala. Yanakwenda kwenye ile nguzo ya umeme iliyoanguka. Ila hapa katikati, penye kisiki, yanapinda. Yanakuja njiani hivi, kama kiwiko cha mkono, halafu yanarudi."

Timazi akautazama mchoro. Kile kiwiko kilimkera. "Mama, katikati ya uwanja mtupu mstari utapinda kwa sababu gani? Umechanganya tu, yalikuwa mengi."

"Labda," mama mkwe akasema, akakifuta kile kiwiko kwa kiganja. "Wewe ndiye fundi."

Hapo ndipo angemwambia. Mke wake alikuwa jikoni, hakuna aliyewasikiliza, ni maneno machache tu yaliyotakiwa, kwamba mama, mawe yale yalikuwa ya mabomu. Lakini angetamka vipi mbele ya magoti yale yaliyovimba, mbele ya furaha ile? Alimtakia usiku mwema, na moyoni akakata shauri kwamba alichokiharibu yeye na mama mkwe atakitengeneza yeye, kimya kimya, wala hakuna atakayejua. Aliona huo ndio uungwana. Mimi ningemwambia ni woga uliovaa nguo safi, lakini hakuniuliza.

Siku ya mapumziko, jua la mchana limewaingiza watu wote vivulini, alijaza mkokoteni mawe mapya aliyoyapaka mwenyewe, rangi nyekundu ya mabati upande mmoja, chokaa upande wa pili. Nyuma ya ghala palikuwa kimya. Kulikuwa na njia nyembamba ya miguu, majani yaliyofika magotini, kisiki, na kule mwisho nguzo ya umeme imelala. Alitafuta alama za mawe ya zamani, lakini mvua moja ya nje ya msimu ilikuwa imepita na kusawazisha kila kitu. Basi akafanya anachokijua. Alifunga uzi kwenye kona ya ghala, akaukaza mpaka kwenye nguzo, akaanza kupanga mawe kwa kuufuata, wekundu kule, weupe huku.

Alipofika usawa wa kisiki alisimama. Alikumbuka kiwiko. Alitazama ardhi upande wa njia, akaona majani tu, kama majani mengine. Alitazama uzi wake, umenyooka unaimba kwa upepo. Mkono wake haukuwahi kupinda mstari bila sababu tangu ajifunze kazi, na sababu hakuiona. Hakujiuliza kama labda mtegua mabomu huwa na sababu zake, ambazo haziko juu ya ardhi. Akaweka jiwe juu ya mstari, na jingine, na jingine, mpaka nguzoni. Kisha akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akautazama ule mstari. Ulikuwa mzuri, na aliona fahari. Usiku huo alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu siku ya karai.

Ukuta ulifika madirishani kabla ya mvua. Mabati yakabaki, yakapanda. Mhandisi alimshika mkono mbele ya watu. Na kwa kuwa zahanati ilikuwa upande ule wa mji, watu wa mtaa wa bondeni wakagundua kwamba njia ya nyuma ya ghala inawafupishia safari.

"Hata mimi siku hizi napita kule," Redio alisema siku moja, akipitisha ndoo. "Wale jamaa wa mabomu wamepaka mawe yao upya. Yamenyooka hayo, fundi, utadhani umeyapanga wewe!"

Timazi akacheka kicheko kikavu. Kidogo kidogo, hata hivyo, aliyaamini maneno ya Redio. Mawe yako pale, watu wanapita, hakuna aliyepatwa na kitu. Alianza kuhisi kama vile jambo lile halikutokea kamwe.

Siku ya mlipuko alikuwa ndani ya chumba cha wagonjwa, anapiga plasta. Ulikuwa mlio mmoja, mnene, wa chini, na mji mzima ukanyamaza, maana ni mlio ambao masikio ya pale hayakuhitaji kuelezwa. Mwiko ulimdondoka. Watu walianza kuulizana ni wapi. Yeye hakuuliza. Alitoka mbio kuelekea ghalani, na wengine wakamfuata bila kushangaa kwa nini anajua pa kwenda.

Ilikuwa usawa wa kisiki, upande wa mawe meupe. Kwanza aliona bakuli la bati, limepinduka kwenye majani, na kitambaa kilichofunikia. Chakula chake cha mchana. Asubuhi alikuwa amekisahau nyumbani.

Mama mkwe hakufa. Walimkimbiza kwa lori mpaka hospitali kubwa ya mbali, na mke wa Timazi akaenda naye, akakaa naye huko. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Timazi alibaki na watoto na plasta. Alifanya kazi kama anayekimbizwa, hakula, akikaa alikaa mgongo ukutani macho chini, na watu wakasema kwa huruma, mtazameni anavyompenda mama mkwe wake. Kila aliyempa pole alimwongezea mzigo. Alitaka mtu mmoja tu amtukane.

Zahanati ilifungua chumba cha wagonjwa kabla hata rangi haijakauka, na mgonjwa wa kwanza kulazwa humo alikuwa mama mkwe, amerudishwa kumalizia matibabu karibu na wanawe. Muuguzi alimchagulia kitanda kizuri, chini ya dirisha, ubavuni mwa ukuta. Timazi aliuangalia ukuta ule, akajua ni ukuta gani. Akaketi.

Mke wake alipotoka kwenda kuchota maji, mama mkwe alimwita kwa kidole asogee.

"Nilijua ni mkono wako," akamwambia, sauti ya chini.

"Mama..."

"Ngoja. Mimi nilikuwa napita njia ya kawaida, nikaona rangi ile mpya. Nikasimama. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimekichukua, baba, na toroli langu, nikicheka njia nzima. Halafu nikaona mawe yalivyonyooka. Nikasema, huyu ni mkwe wangu. Kanifichia aibu yangu, wala hakuniambia neno." Alipumzika kidogo. "Nikaona niikate njia nipite majanini, nikuletee chakula kikiwa cha moto. Nikasema, mstari wa Timazi, mimi hata nikifumba macho napita."

Timazi angependa ardhi ipasuke. Mama mkwe hakuwa anamlaumu, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Alikuwa anamshukuru.

"Mambo haya nilianza mimi," mama mkwe akamalizia. "Wewe nyamaza. Una watoto wa kulea."

Mkuu wa wategua mabomu alikuja siku mbili baadaye, yule yule mwembamba, pamoja na kijana wake wa kikosi aliyebaki mlangoni. Muuguzi alimpa kiti. Mke wa Timazi alisimama kichwani pa kitanda. Timazi alikuwa pembeni, karibu na dirisha, amejitia hamnazo, anaparuza matone ya plasta sakafuni kwa tindo.

"Pole sana, mama," mkuu akasema. "Nataka kujua jambo moja tu. Ulikuwa upande gani wa mawe?"

"Mwekundu," mama mkwe akajibu bila kusita. "Niliona kuni nzuri nikaingia. Utundu wa uzee, mwanangu. Nilifundishwa na sikusikia."

Mke wa Timazi akaguna na kumshika bega mama yake. Mkuu akatikisa kichwa, si kwa hasira, kwa uchovu. "Sijafika kule bado, lakini watu waliniambia walikukuta huku, upande mweupe."

"Lilinirusha huku. Si bomu?"

Mkuu akafikiri, akakubali. "Basi mstari wetu uko sawa. Nilikuwa na wasiwasi tulikosea. Kama ndivyo, hatuna haja ya kupima upya, tuna maeneo mengine mabaya zaidi. Tutarudi hapa mvua zikiisha." Akasimama. "Tutawaambia watu njia ile ni salama, mradi wabaki kwenye weupe."

Nje ya dirisha, Redio alikuwa ananawa mikono, kazi imekwisha. Timazi alimsikia akimwambia mtu kwa sauti ile isiyozimika, "Twende huku nyuma ya ghala, bwana, kuzunguka kote kule kwa nini?"

Timazi alishika nyundo.

Mke wake alidhani amechanganyikiwa. Alikwenda moja kwa moja ubavuni mwa kitanda, akaweka tindo kwenye plasta aliyoilainisha mwenyewe kwa siku nzima, akagonga. Vumbi likamwagika juu ya shuka. Muuguzi akapiga kelele, "Wewe fundi, kuna mgonjwa!" Akagonga tena. Mama mkwe alinyoosha mkono akamshika shati. "Baba, acha. Nimekuambia uache." Alimpokonya shati kwa upole, akaendelea kugonga, machozi yanamtoka bila kujificha, mpaka mota ikaachia na jiwe likatikisika. Akalivuta kwa mikono miwili. Akaligeuza, akamwonyesha mkuu. Uso uliokuwa umetazama ndani ya ukuta ulikuwa mwekundu kama siku ulipopakwa.

"Mawe yenu ni haya, afande," akasema. "Yako humu ukutani. Niliyaona, nikayaficha. Yale ya kule nyuma ya ghala niliyaweka mimi, kwa uzi. Mama alikanyaga weupe. Alikanyaga weupe wangu."

Mke wake aliondoa mkono begani mwa mama yake, akaupeleka mdomoni, akamtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Mkuu alikuwa wa kwanza kuzinduka. Akamgeukia kijana wake mlangoni. "Kimbia! Wazuie watu njia ya ghala, wote, hata aliyekwisha kuingia asimame alipo!" Kijana akatoka kama risasi, na nje wakasikia akimpigia Redio kelele.

Mkuu akamrudia Timazi. Hakuinua sauti. "Mimi na wewe tutaongea baadaye, na si hapa. Sasa niambie mstari wa zamani ulipita wapi. Kijana aliyeupima alihamishwa, na ramani yake ilipotea na gari. Ulipita wapi?"

Timazi, aliyejua kila ukuta wa mji umeinama kiasi gani, alisimama na jiwe mikononi na hakujua. Alikumbuka kijiti kwenye mchanga, na kiganja kikifuta. Akamtazama mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amegeuzia uso dirishani. Kisha akajiinua kidogo, akapangusa vumbi la plasta kwenye shuka, akaweka kidole juu ya paja lake.

"Kona ya ghala, tuseme ni hapa," akamwambia mkuu. "Nguzo iko kule chini, miguuni. Yanashuka hivi."

Kidole kikashuka juu ya shuka, taratibu, kikifuata paja. Kilipofika paja lilipokomea, hakikunyooka. Kilipinda kama kiwiko, kikatambaa juu ya shuka tupu iliyolala bapa kitandani, mahali ambapo goti lake la kulia lingekuwepo, kisha kikarudi.

"Hapa," mama mkwe akasema. "Hapa ndipo yalipinda."